Nati moja imebaki mkononi, na sijui ni ya wapi

Shikamoo Fundi,

Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Tabora, nina miaka 26. Pikipiki ninayoendesha ni ya mjomba wangu, ya Kichina, CC 150, ile yenye injini ya fito. Tuko kwenye mkataba: kila Jumapili nampelekea hesabu, na mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yangu. Imebaki miezi mitano. Sevisi zote ziko juu yangu.

Mke wangu ana ujauzito wa miezi saba, tunanunua vitu vya mtoto kidogo kidogo. Nikaona pa kubana ni kwa fundi. Nikanunua seti ya spana, bisibisi na plaizi, nikawa natazama video kwenye simu usiku. Mwezi wa kwanza nilibadilisha plagi na kusafisha filta ya hewa. Ikaenda vizuri, moyo ukanenepa.

Jumamosi iliyopita nikaamua kufanya kila kitu kwa siku moja. Oili alinipa jirani mwenye gari, ilibaki kwenye galoni yake, safi, haijatumika. Bolti ya chini ya kumwagia oili ilikuwa inavuja kidogo, nikaikaza. Haikuacha kuvuja, nikachomeka bomba kwenye spana nikakaza tena. Ghafla ikawa nyepesi. Nilipoitoa ilikuja na vipande vya alumini vimejiviringa kama nywele. Nikaizungushia tepu ya mabomba ya maji, nikapaka silikoni, nikairudisha. Sasa inadondosha tone moja moja.

Tapeti, zile skrubu za kurekebisha nafasi ya vali, nazo zilikuwa zinalia. Nikafungua kifuniko injini ikiwa bado ya moto, nikazikaza mpaka kelele ikaisha. Mlio ulikuwa mtamu kama wa pikipiki mpya. Lakini tangu siku ile kuwaka asubuhi ni shida, na kiki imekuwa laini mguuni.

Mwisho nikatoa gurudumu la nyuma, nikaweka breki shuu mpya, na cheni nikaivuta ikakaza vizuri maana ilikuwa inapigapiga kava. Nilimaliza saa tatu usiku kwa tochi ya simu. Asubuhi nafagia, nikaokota nati moja na kipini kidogo cha kukunja. Nimeizunguka pikipiki yote, sioni panapokosekana kitu. Nimeshaendesha siku tatu. Breki ya nyuma inashika, ila kila nikikanyaga kuna kitu kinagonga "ta" mara moja. Halafu nikiingia mchangani na abiria na mzigo, injini inapiga kelele lakini mwendo hauji.

Mjomba sijamwambia. Alhamisi nampeleka mke wangu kliniki kwa pikipiki hiyo hiyo. Naomba unishauri, nitengeneze kimya kimya au nimwambie mjomba? Na je, niache kabisa kugusa? Kijiweni wananiambia kazi ya fundi mwachie fundi.

Kijana wa Mkataba, Tabora

*

Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wajue kwanza kwamba barua hii sikuisubirisha. Nilipofika kwenye ile nati, na kipini, na huo mlio wa "ta", niliweka karatasi chini nikapiga simu. Nilimwambia kijana azime pikipiki hapo alipo, aisimamishe kwa stendi mbili, ile ya katikati, alale chini upande wa breki ya nyuma atazame ule mkono mwembamba wa chuma unaotoka kwenye sahani ya breki na kufungwa kwenye uma unaobeba gurudumu. Baada ya dakika chache akanitumia picha. Bolti ilikuwa bado imo kwenye tundu, lakini haina nati, haina pini, na imeshatoka zaidi ya nusu. Yeye mwenyewe kaniruhusu niyachapishe haya, kwa sababu sina shaka kuna mwingine anayeendesha hivyo leo.

Nieleze ule mkono unafanya nini. Ukikanyaga breki, shuu zinatanuka na kuishika ngoma, na ngoma inazunguka pamoja na gurudumu. Kwa hiyo ngoma inataka kuzivuta shuu, na sahani yote inayozibeba, zizunguke nayo. Kinachoizuia sahani ni huo mkono peke yake. Bolti yake ikidondoka, siku ukikanyaga breki kwa nguvu sahani inazunguka, inaivuta fimbo ya breki na kuikunja, na gurudumu la nyuma linajifunga palepale ukiwa kwenye mwendo. Ule mlio wa "ta" ulikuwa ni bolti inacheza kwenye tundu lake, kila breki inaisogeza nje kidogo. Na Alhamisi ulitaka kumpakia mke wako mwenye miezi saba. Nimefurahi mno kwamba uliandika Jumanne.

Shika jambo hili, maana mafundi wengi wa mtaani nao hawalishiki: mtengenezaji wa pikipiki haweki kipini cha kukunja mahali popote tu. Vipini ni vichache, ukivihesabu hata vidole vya mikono miwili havimaliziki, na kila kimoja kimewekwa mahali ambapo nati ikilegea mtu anaanguka. Kipini kikitolewa hakirudishwi, kinawekwa kipya, kwa sababu chuma kilichokunjwa na kunyooshwa mara mbili kinakatika. Wala usiweke msumari au kipande cha waya badala yake. Ukimaliza kazi na kipini kimebaki chini, kazi haijaisha, na pikipiki haitoki uani mpaka tundu lake lipatikane.

Kwa kuwa gurudumu ulilitoa, kagua pia nati ya ekseli kwa spana. Kuishika kwa vidole peke yake hakutakuambia kitu. Halafu kuna shuu zenyewe. Kama ulizishika kwa mikono yenye grisi au oili, hazitashika vizuri hata zikiwa mpya, na ukaushaji wa jua hauondoi mafuta yaliyoingia ndani. Vumbi la ndani ya ngoma usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Breki shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Pangusa kwa kitambaa kibichi. Ukishafunga, jaribu breki ukiwa kwenye mwendo wa mtu anayetembea, mahali peupe, kabla hujapakia mtu.

Sasa cheni. Umeandika "ikakaza vizuri", na hapo nikajua umeivuta kupita kiasi, kama wanavyofanya wengi. Cheni inapigapiga kava kwa sababu imelegea, ni kweli, lakini dawa yake si kuifanya iwe ngumu kama kamba ya kuanikia nguo. Abiria akikaa, shokapu zinashuka, na gurudumu la nyuma linasogea mbali kidogo na spoketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni. Cheni isiyo na nafasi inakosa pa kwenda, inaivuta shafti ya gia, na beringi ya ndani ya injini inaanza kuliwa. Cheni ni ya kununua dukani. Beringi hiyo ni ya kupasua injini. Kwa pikipiki nyingi za aina yako, upande wa chini wa cheni, katikati ya spoketi mbili, unatakiwa ucheze juu na chini kama sentimita 2 hadi 3. Zungusha gurudumu upime mahali patatu au panne, kwa sababu cheni iliyotumika hailegei sawasawa, halafu urekebishe kwa kufuata pale palipokaza zaidi. Alama za pande zote mbili za uma ziwe sawa, la sivyo gurudumu linakaa upande. Na kama ulifungua kiungo chenye klipu, angalia mdomo wazi wa klipu: utazame nyuma, kinyume na cheni inakokwenda. Jambo jingine ambalo nimeona likikata vidole vya watu: usisafishe cheni injini ikiwaka na gia imeingia, hata kama kwenye video umeona mtu anafanya.

Oili ya gari ndiyo inayokufanyia visa mchangani. Kwenye gari la kawaida, klachi iko kavu, nje ya injini. Kwenye pikipiki yako klachi inaoga katika oili ile ile inayolainisha pistoni na gia. Oili nyingi za magari za siku hizi zimewekwa dawa za kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo, na klachi inaishi kwa msuguano. Sahani zake zinateleza, injini inalia, gurudumu halisikii. Mimina yote, uweke oili ya pikipiki, na kwenye kopo utafute maandishi JASO MA au JASO MA2, alama ya oili inayofaa klachi ya kuoga. Pikipiki nyingi kama yako zinataka lita moja hivi, kitabu chake kitakuambia kamili. Ukipima kwa kijiti, pikipiki isimame wima mahali tambarare. Kijiti kikiwa cha kuzungusha, kwa injini za aina hii kiegemeze tu bila kukifunga, ndipo usome. Ukienda kilomita mia mbili au mia tatu bado inateleza, na kebo ya klachi ina nafasi yake sawasawa, sahani zimeshaungua na inabidi kubadilishwa.

Bolti ya oili ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu ingeweza kuzuiwa na washa, kile kipete cha chini ya bolti, ambayo bei yake haizidi ya soda. Kinachozuia oili isivuje pale si nguvu ya kukaza. Ni ile washa laini ya alumini au shaba, inayobonyea kidogo na kuziba. Ikishabonyea mara moja imemaliza kazi yake, ndiyo maana ulipokaza tena haikusaidia. Na bolti ni ya chuma, bodi ya injini ni alumini. Vikishindana, alumini ndiyo inayotoa uzi, ile mikato inayoishika bolti, nawe umeuona umejiviringa kama nywele. Bolti ya milimita 12 kwenye alumini inatosheka na kama nyutoni mita 25. Kwa spana ya sentimita 20, hiyo ni sawa na kunyanyua ndoo yenye lita 12 au 13 za maji kwa mkono mmoja. Siyo zaidi. Ukichomeka bomba mkono ukawa sentimita 60, nguvu yako ile ile imezidishwa mara tatu, na mkono hauwezi tena kusikia bolti inasema nini. Mkono wa fundi unajifunza kusikia pale bolti inapogota. Bomba linaziba sikio hilo.

Tepu na silikoni vitoe leo. Silikoni iliyobanwa ndani inakatika vipande, inafika kwenye chujio la oili, na pampu inaanza kuvuta upepo. Kibaya zaidi ni bolti yenyewe kudondoka njiani: oili yote inamwagika kwa muda mfupi, na inamwagikia tairi lako la nyuma. Hii ni kazi ya fundi mchongaji, wala usiijaribu nyumbani. Atachonga uzi mpya mkubwa zaidi, mara nyingi kutoka milimita 12 kwenda 14, au ataweka koili ya uzi ili bolti ya ukubwa ule ule irudi. Ya pili ndiyo bora akiwa nayo. Simama hapo uhakikishe anapaka grisi nyingi kwenye kifaa cha kuchongea ili chenga za alumini zinase, na akimaliza mmimine oili kidogo ya bei nafuu ipite na kutoka chini kabla ya kuweka ile nzuri.

Nimefika kwenye tapeti. Hapa huenda ndipo hela itakapotoka, na ningependa wasomaji wote wa bodaboda wakae kidogo. Mwaka 1976 Honda ilitoa pikipiki inayoitwa CG125. Iliundwa kwa ajili ya nchi ambako waliona wateja hawabadilishi oili kwa wakati, na kamu, shafti yenye vinundu inayofungua vali, iliyokaa juu kwenye kichwa cha injini, ikawa inaliwa mapema. Wakaishusha kamu chini, wakaweka fito za kuinua vali. Injini yako, kijana, na nyingi sana za Kichina zinazobeba watu Afrika Mashariki, ni watoto na wajukuu wa injini hiyo. Ndiyo maana inavumilia njaa, vumbi na oili nyeusi. Ila kitu kimoja haikivumilii: vali isiyofunga. Vali ya moshi inafanya kazi kwenye moto mkali, na inapoa kwa kukaa kwenye kiti chake, kichwa cha injini kikiuchukua ule moto. Ukikaza tapeti mpaka nafasi ikaisha, vali haikai. Moto unapita pembeni yake, ukingo unaungua, mgandamizo unashuka. Kiki laini mguuni ndiyo dalili yake, pamoja na kuwaka kwa shida. Ule mlio mtamu uliousikia ulikuwa mlio wa vali zilizoning'inia. Tapeti zenye nafasi sahihi zinalia kidogo, tiki tiki nyepesi, na huo ni mlio wa afya.

Usiiwashe tena mpaka zirekebishwe. Injini ilale usiku kucha ipoe kabisa. Toa plagi ili izunguke kwa urahisi, geuza sumaku, lile gurudumu la pembeni mwa injini, mpaka alama ya T ikae mkabala na alama ya bodi, na uhakikishe tapeti zote mbili zinacheza. Kama zimebana, hujafika kwenye mgandamizo, zungusha duru moja zaidi. (Kwako wewe uliyezikaza zote, zilegeze kwanza kidogo ndipo alama hiyo ikuambie ukweli.) CG125 ya asili inataka milimita 0.08 kwa vali zote mbili, kwa hiyo nunua fila geji, vile vibamba vyembamba vyenye namba, na usikisie kwa sikio wala kwa kipande cha karatasi. Kaza nati ya kufungia huku umeshikilia skrubu isizunguke, halafu pima tena, maana kila mara inasogea kidogo. Kiki ikirudi kuwa nzito, umepona. Ikibaki laini, kichwa kitafunguliwa na vali zitasagwa au kubadilishwa.

Umeuliza kama uache kugusa. Mimi nasema usiache, na kijiweni siwaungi mkono. Dereva anayejua pikipiki yake anaona nati iliyolegea kabla haijamwangusha, na fundi pia anasahau. Mwaka wangu wa pili gereji nilimwaga oili ya pikipiki ya mteja, nikaitwa kula, nikarudi nikaiwasha bila kuweka mpya. Mteja alinyamaza akanitazama tu, nami naukumbuka ule uso hadi leo. Tangu siku hiyo, oili ikiwa nje, ufunguo wa pikipiki ninaufunga kitambaa chekundu. Kosa lako halikuwa kushika spana. Ulirundika kazi nne kwenye siku moja, ukamaliza ya breki gizani, na kila chuma kilipokukatalia ulikiongezea nguvu badala ya kusimama. Fanya kazi moja kwa siku, mchana, juu ya kitambaa cheupe, na upige picha kabla hujafungua. Oili, plagi, filta, cheni na kebo ni zako. Gurudumu na breki, mara tatu za mwanzo fanya wewe, fundi akiwa amekaa pembeni anatazama, na umlipe kwa kutazama huko. Atakubali, wengi wanapenda kufundisha kuliko wanavyosema.

Kuhusu mjomba, mwambie. Mpaka hesabu ya mwisho pikipiki ni yake, na uzi uliochunuka hautafichika: siku atakayoipeleka kwa mtu wake, bolti ya 14 itamwambia kabla yako. Usimwendee na maneno matupu. Nenda kwanza kwa mchongaji upate bei, upime tapeti ujue kama kichwa kinafunguliwa, ndipo Jumapili ukae naye ukiwa na ile bolti ya zamani mkononi. "Mjomba, nilitaka kubana hela ya mtoto, nikaharibu hiki na hiki, gharama yake ni hii, nailipa mimi, ila naomba hesabu ya wiki mbili hizi niigawe." Anaweza kukasirika. Ni haki yake, muache akasirike mpaka amalize, usimkatize kwa kujitetea na video. Miezi yote hii umempelekea hesabu, hilo nalo analijua.

Alhamisi mama mtarajiwa aende kwa bajaji; na kwa kuwa uliniambia kwenye simu kwamba jirani mwenye gari amejitolea kumpeleka, hiyo ni bora zaidi. Pikipiki isukumwe mpaka kwa mchongaji, isiwashwe. Na ukipita dukani nunua vipini vya kukunja vitano na washa mbili za bolti ya oili, uvifunge kwenye mfuko wa plastiki uviweke chini ya kiti.